Naomba ushauri: neno "recover" nalitafsirije? Nimelikosea mara moja na mgonjwa ameumia

Kalamu_ya_Jirani (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, nimeona nililete hapa kwa kuwa humu wapo watu wa lugha, wa sheria na wa tiba.

Baba mdogo alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Siku aliyoruhusiwa alipewa barua ya Kiingereza, na kwa kuwa nyumbani mimi ndiye ninayetegemewa kwa Kiingereza, nikaombwa niiandike kwa Kiswahili ili kila anayemhudumia aisome. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "The patient is recovering well following surgery." Nikaandika: "Mgonjwa amepona vizuri baada ya upasuaji." Baba mdogo akaisoma mwenyewe, akafurahi sana, akasema daktari akishasema nimepona basi nimepona. Siku ya nne akanyanyua ndoo iliyojaa maji. Mshono ukaachia, akarudishwa hospitali. Sasa anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, lakini kila nikimwona anavyoshika ubavu akitaka kugeuka kitandani, najua lile neno niliandika mimi.

Tangu hapo nikikutana na "recover" kalamu inasimama. Kamusi yangu inasema: pona, pata nafuu, pata tena, rejesha. Haisemi ni lini uchukue lipi. Na watu bado wananiletea karatasi zao. Hizi ndizo zilizoko mezani leo:

"Divers recovered two bodies."

"The claimant cannot recover."

"The company recovered from its losses," na ukurasa unaofuata, "The company recovered its losses." Hizi mbili nilidhani mchapaji kasahau neno.

Ombi langu: lipo neno moja la Kiswahili linaloweza kubeba zote? Na kama halipo, nyie mnachaguaje? Nawasilisha.

---

MwalimuWaJioni

Pole sana kaka, na mpe pole baba mdogo.

Nianze na kilichokuumiza. Kosa lako halikuwa kwenye "pona", lilikuwa kwenye -me-. "Is recovering" ni safari inayoendelea, "has recovered" ni kufika. Ungeandika "anapona vizuri" au "anaendelea kupata nafuu", baba mdogo angejua bado yuko njiani. Sisi wenyewe tunatenganisha hayo kila siku: mtu akikuuliza hali ya mgonjwa, huwezi kusema "amepona" wakati bado anakunywa dawa. Ila tukiwa na karatasi ya Kiingereza mbele yetu tunakimbilia maana ya neno na kusahau kuangalia wakati wa kitenzi.

Sasa zile mbili za kampuni. Mchapaji hajasahau kitu. Hapo ndipo "recover" linapogawanyika, na ukishapaelewa hapo robo tatu ya kazi imekwisha.

Likija na from, anayezungumziwa ndiye aliyeanguka, na sasa ameinuka. Kilichotajwa baada ya "from" ni kile kilichomwangusha: ugonjwa, mshtuko, msiba, hasara. "The company recovered from its losses": kampuni ilipata hasara, ikayumba, ikasimama tena. Fedha zilizopotea huenda hazikurudi hata senti, ila kampuni iko hai.

Likija bila from, na mbele yake kuna kitu, basi kitu ndicho kilichorudi. "The company recovered its losses": ile hasara yenyewe imefidiwa, hela imerudi mkononi.

Kwa hiyo ya kwanza ningeandika "Kampuni iliinuka baada ya hasara", na ya pili "Kampuni ilifidia hasara yake", au "ilirudisha fedha ilizopoteza" kama msomaji ni wa kawaida. Mtu anayetaka kukopesha kampuni ile, akizichanganya sentensi hizo, atafanya uamuzi wa hela yake kwa habari ya uongo.

Hapohapo ndipo wanafunzi wangu wanapokosea wakiandika Kiingereza. Wanasema "I recovered malaria." Mwingereza atasikia kwamba malaria yako ilikuwa imepotea, ukaitafuta, ukaipata. Ugonjwa unataka "from" kila siku.

---

Dada_Wodini

Mimi ni muuguzi, naongeza la upande wangu.

Kwenye wodi tuna ngazi, na Kiswahili kina maneno ya kila ngazi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa aliyetoka kwenye dawa ya usingizi, kuna jamaa wataandika "recovered consciousness": huyo amezinduka, au amerudiwa na fahamu. Akianza kula na homa ikishuka, amepata ahueni. Akitembea mwenyewe lakini dawa zinaendelea, anapata nafuu. Amepona ni la mwisho, na sisi tunalichelewesha makusudi, hasa kwa waliopasuliwa, maana ngozi ya juu hufunga mapema na ukiitazama utasema kazi imekwisha, kumbe misuli ya ndani haijashika. Ndiyo maana baba mdogo aliamini barua. Alijitazama akaona kidonda kimekauka, na karatasi nayo inasema amepona. Usijibebeshe yote peke yako, kaka. Aliyemruhusu alipaswa kumwambia kwa mdomo asinyanyue kitu kizito.

Jambo jingine ninalolisikia sana: "The doctor recovered me." Hapana. Kwetu pona inazaa ponya, daktari anamponya mgonjwa, ndipo watu wanadhani na "recover" linakwenda hivyo. Haliendi. Daktari "cures" mgonjwa au anamtibu, kidonda "heals", na mgonjwa mwenyewe ndiye "recovers". Daktari akiwa mtendaji wa "recover", basi kuna kitu amekipata: "The surgeon recovered the bullet", yaani ameitoa risasi mwilini.

Na kwa wanaotafsiri mafunzo ya huduma ya kwanza: "recovery position" msiiite mkao wa kupona. Mtu hajapona chochote pale, amezimia ila anapumua. Andikeni kumlaza kiubavu. Anayesoma maelekezo hayo huenda mtu yuko chini mbele yake, anatakiwa ajue mara moja mikono yake ifanye nini.

---

Simba_Mtulivu

Mnazunguka mno wakuu. Tumia "rejesha" kila mahali, imekwisha. Recover ni kurejesha.

---

MwalimuWaJioni

Mkuu Simba, jaribu na wapiga mbizi: "Wapiga mbizi walirejesha miili miwili." Mimi nikisoma hivyo naelewa walikuwa nayo wakairudisha ilikotoka, yaani majini. Familia inayosubiri ufukweni ikisoma hivyo itafikiri nini?

Kiswahili kina opoa, kutoa kitu ndani ya maji, na hakuna neno linaloingia pale vizuri zaidi: "Wapiga mbizi waliopoa miili miwili." Ingekuwa jengo limeanguka ungesema miili imetolewa kwenye kifusi, au imefukuliwa. Kama ni mali ya wizi na habari inasema polisi "recovered" gari, basi gari limepatikana. Kiingereza kinakaa juu kabisa, kinasema tu kilichopotea kimepatikana. Kiswahili kinapenda kutaja kimetolewa wapi na kwa namna gani, na mtafsiri asipotaja hilo sentensi yake inabaki imepooza.

---

Karani_Mstaafu

Nimesoma uzi wote, hongereni. Mimi nilifanya kazi za masijala ya mahakama miaka mingi, naomba niishughulikie ile ya mdai.

Mwanangu Kalamu, nakuomba sana usiandike "mdai hawezi kupona". Nimewahi kuiona imeandikwa hivyo kwenye tafsiri, na mama aliyeibeba karatasi ile alikaa kwenye benchi analia, anauliza mahakama imejuaje ugonjwa wake. Nilimweleza taratibu mpaka akatulia, lakini sura yake sijaisahau.

Katika sheria "recover" ni kupata kwa njia ya madai au hukumu. "Recover damages" ni kulipwa fidia. "Recover costs" ni kurudishiwa gharama za kesi. "Recover a debt" ni kulipwa deni baada ya kulidai, na kazi yenyewe ya kufuatilia huitwa ukusanyaji wa madeni. "Recover possession" ya nyumba au ardhi ni kurudishiwa milki. Likisimama peke yake kama kwenye sentensi yako, "The claimant cannot recover", maana yake ni kwamba mdai hana haki ya kulipwa chochote katika dai hilo. Andika hivyo hivyo.

Angalia pia kwamba fidia unaweza "kuirecover" kisheria hata kama fedha hizo hukuwahi kuzishika maishani. Hapo "pata tena" ya kamusi inapotosha, maana hakuna "tena". Kilichopotea ni mguu, au kipato, au heshima, na kinacholipwa ni fedha badala yake.

---

Mizizi

Shikamoo mzee Karani. Hoja yako ya mwisho imenigusa kwa sababu inaonekana hata kwenye asili ya neno.

Watu wengi hudhani "recover" ni "cover" lililoongezewa "re", kufunika tena. Sivyo. Linatoka kwenye Kilatini *recuperare*, kupata tena, likapita kwenye Kifaransa cha zamani, kile kilichotawala mahakama na baraza la Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. "Cover" linatoka kwenye Kilatini *cooperire*, kufunika. Ni maneno mawili ya ukoo tofauti ambayo Kiingereza kimeyavisha sura moja. Kifaransa cha leo bado kinayatenganisha: *recouvrer* ni kupata tena, *recouvrir* ni kufunika. Baadaye, katika karne ya 16, Kiingereza kikaichukua tena *recuperare* moja kwa moja kutoka Kilatini, ndiyo "recuperate" ya leo, na hiyo hubaki zaidi kwa afya na nguvu za mwili.

Kufunika tena kupo, ila huandikwa kwa kistari, "re-cover", na mkazo wa "re" husikika wazi. Kochi lililoandikwa "re-covered" limebadilishwa kitambaa. Kochi lililoandikwa "recovered" liliibwa, na sasa limepatikana.

---

Fundi_Faili

Kwa upande wa kompyuta, fupi: "restore" ni kurejesha kutoka kwenye nakala uliyoihifadhi. "Recover" ni pale huna nakala, unatafuta kilichofutika. Mimi naandika kurejesha kwa la kwanza na kufufua kwa la pili, na wateja wananielewa. Akaunti uliyosahau nywila yake, "recover account", watu wameshazoea "rejesha akaunti", msiwasumbue.

---

Kalamu_ya_Jirani

Wakuu, nimekosa la kusema. Mzee Karani, ile "mdai hawezi kupona" ndiyo niliyokuwa nimeshaiandika kwa penseli. Nimeifuta.

Swali moja la mwisho. Nina ushuhuda wa mtu aliyenusurika kwenye ajali ya basi, huu ni wa Kiswahili kwenda Kiingereza. Anasema: "Tulikuwa wanane, nikapona mimi na mwenzangu mmoja." Naweka "recovered"?

---

MwalimuWaJioni

Hapana kaka, na nashukuru umeuliza kabla. Pona yetu ina maana mbili: kutoka kwenye ugonjwa, na kuokoka kwenye hatari. "Recover" linabeba ya kwanza tu. Hapo weka "survived". Ukiweka "recovered", msomaji ataelewa wote wanane waliumia, wawili wakapata nafuu, na sita huenda bado wako hospitali. Wale sita wamefariki. Ndugu zao wanastahili sentensi inayosema hivyo.

---

Dada_Wodini

Nami niongeze kitu kwa anayetafsiri habari za waraibu. "He is in recovery" husemwa hata kwa mtu aliyeacha pombe miaka kumi iliyopita. Wengi wao wenyewe hawapendi kuambiwa "amepona", kwa sababu wanajua kazi ni ya kila siku. Kiswahili kinachotumika ni mraibu anayepata nafuu. Liacheni hivyo, na msilikuze kuwa "aliyepona" hata mkitaka kumfurahisha.

---

Kalamu_ya_Jirani

Asanteni mno. Jioni hii nimeiandika upya barua ya baba mdogo, nimemsomea mwenyewe kwa sauti. Sasa inasema: "Mgonjwa anaendelea kupata nafuu vizuri baada ya upasuaji. Bado hajapona." Sentensi ya pili haimo kwenye Kiingereza, lakini nimeiweka. Nimekosea?

---

Karani_Mstaafu

Kwenye hati ya mahakama ningekukatalia. Hutakiwi kuongeza neno ambalo halimo.

---

Dada_Wodini

Kwa hati, sawa mzee. Hii ni karatasi ya nyumbani, iache. Ila, kaka, iandike chini kabisa kwa mstari wake, na useme ni maelezo yako, siyo ya daktari. Na mpeleke kwa daktari amwambie kwa mdomo ni lini ataruhusiwa kunyanyua ndoo.

---

Kalamu_ya_Jirani

Nimefanya hivyo. Ameniuliza, "Kwa hiyo leo sijapona?" Nikamwambia bado, baba. Akasogeza mto, akalala.