Mjadala: Rebeca Gyumi asifiwe kwa ushujaa au kwa matokeo?

Mkazi wa Dodoma: Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana Tanzania, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali umri wa kawaida wa mvulana kuoa ni 18. Alishinda, Serikali ikapewa mwaka mmoja wa kurekebisha, ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, na mwaka ukapita vifungu vikiwa palepale. Tunamsifu kwa lipi hasa?

Mzee wa Ujiji: Kwa tuzo, bila shaka, Umoja wa Mataifa ulimpa moja mwaka 2018. Enzi zetu binti alivunja ungo, akaolewa, na nyumba zikasimama. Msiwatwishe wazazi wetu lawama za sheria ya mkoloni.

Mama Neema: Shikamoo mzee wangu. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge letu wenyewe mwaka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru, kwa hiyo mkoloni tumwache apumzike. Na hizo nyumba zilizosimama, zilisimama juu ya mgongo wa nani?

Mzee wa Ujiji: Marahaba, mwanangu. Unaniuliza habari za mgongo kana kwamba sikumjua mama aliyenizaa! Mabinti zangu wote wamesoma. Nilichosema ni kwamba ushujaa wa kweli hauna wapiga picha.

Mhaya wa Muleba: Hapo mzee amegusa jambo. Bi Holaria Pastory wa Kagera hakupewa tuzo yoyote. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, jamaa wa ukoo akamshtaki kwa kuwa mila ya Kihaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, pale Mwanza, akaamua kwamba anaweza kuuza kama mwanamume yeyote.

Wakili wa Ilala: Lakini Bi Holaria alikuwa mshtakiwa; alitaka kuuza mali yake tu, kesi ikamfuata nyumbani. Gyumi mwenyewe hakuwa ameozwa na mtu, akachagua kusimama dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliyedai katika rufaa kwamba tofauti ile ya umri ni maridhiano na mila na dini. Kwangu mimi, anayejitakia kesi isiyomhusu anastahili heshima zaidi.

Mhaya wa Muleba: Ya kujitakia? Hata Bi Holaria angeweza kunyamaza na kulirudisha shamba. Wewe wa mjini hujui maana ya kususiwa na ukoo mzima.

Mzee wa Ujiji: Na shamba la ukoo likiuzwa kwa mgeni, makaburi ya babu yanabaki kwa nani? Hilo hakuna anayelijibu.

Mama Neema: Ninalijibu, mzee wangu: mwanamume alipoliuza, makaburi hamkuyauliza.