Nyumba Ipuli: paa linavuja, ukuta una ufa, bei hazitulii. Nikarabati yote sasa?

Mkazi wa Ipuli
Wakuu, habari zenu. Nyumba ipo Ipuli, Tabora: vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma. Bati zinavuja sehemu tatu, juu ya dirisha la sebule kuna ufa, na mama watoto anataka marumaru na dari ya jipsamu. Fundi ametaja milioni 8 kwa mdomo tu. Akiba ni milioni 3. Mkopo wa milioni 5 kwa miezi 24 unapatikana, riba asilimia 18 kwa mwaka. Mvua ndiyo hiyo Novemba. Nikope nimalize yote?

Fundi Paa
Mkuu, bei ya mdomo siyo bei. Kabla ya kukopa hata shilingi, fungua dari upande mmoja, panda na tochi na bisibisi. Choma kila papi (mbao zinazopigiliwa bati) na miguu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) pale inapokaa ukutani. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula, na hapo hesabu yote inabadilika. Ikigoma, huenda huhitaji bati mpya kabisa. Mara nyingi panapovuja ni kwenye misumari: mpira chini ya kofia umekauka, au fundi alipiga kwenye bonde la wimbi ambako maji hupita, badala ya mgongoni. Ng'oa, ziba tundu kwa silikoni, piga msumari mpya mgongoni. Angalia pia bati zilivyopandana. Chini ya sentimita 15 kwa urefu, upepo unasukuma maji ndani.

Ufa nao usiukimbilie kwa plasta. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe. Ukivuka mstari, ukuta bado unatembea na plasta mpya itapasuka palepale. Ukianzia kona ya dirisha ukapanda mshazari, chunguza linta, yaani boriti ya juu ya dirisha: inatakiwa ilale ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Nyumba nyingi za zamani zina kipande cha mbao tu.

Mhesabu
Muulize mkopeshaji swali moja: riba inapigwa kwenye deni lote au kwenye salio linalopungua? Milioni 5, asilimia 18, miezi 24: kwa deni lote unalipa kama 283,000 kwa mwezi, riba jumla 1,800,000. Kwa salio linalopungua ni kama 250,000, riba haifiki milioni moja. Asilimia ni ileile, tofauti inazidi laki 8! Ongeza bima na ada ya fomu, maana hukatwa kabla hujapokea hela. Kama ni mtumishi wa umma, makato yakuachie theluthi moja ya mshahara wa msingi.

Kwa maoni yangu usikope kwa ajili ya marumaru. Paa na linta zitoke kwenye akiba, na katika ile milioni 3 acha angalau laki 8 usiiguse.

Mkazi wa Ipuli
Asanteni sana. Je, ninunue saruji mapema kabla haijapanda?

Fundi Paa
Hapana. Saruji ikipita miezi mitatu stoo inapoteza nguvu, na ikivuta unyevu inakuwa mabonge. Nondo na bati ndizo za kununua mapema. Nondo ziinue juu ya magogo. Bati zisimamishe mshazari mahali pakavu. Zikilazwa na maji katikati zinatoa kutu nyeupe hata kabla hazijapanda juu.

Saruji nunua wiki ya kazi, kwa kipimo. Plasta ya 1:5 (saruji moja, mchanga tano) yenye unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 unatoa mita za mraba kama 10. Mfuko ni kama madebe mawili, kwa hiyo mchanga madebe 10. Simamia mwenyewe kuhesabu madebe, maana mchanga ukizidi, plasta inachubuka kwa kidole.

Marumaru zikifika zamu yake, chukua zote siku moja na asilimia 10 ya ziada, na kagua namba ya toleo kwenye kila boksi. Toleo tofauti, rangi tofauti.