Kelele za glasi katika albamu ya Bill Evans Trio: je, nakala yangu ni mbovu?

Mwenye Mgahawa, Moshi
Habari za jioni, wadau. Nina mgahawa mdogo wa kahawa hapa Moshi, na siku hizi ninapiga albamu ya Bill Evans Trio, bendi ya jazi ya watu watatu, iitwayo *Sunday at the Village Vanguard* kwa spika ya simu yangu. Mambo mawili yananitatiza. Zinasikika glasi zikigongana na watu wakiongea, hata wateja wangu hugeuka kutazama jikoni. Tena, piano hunyamaza katikati ya wimbo kana kwamba mpigaji amesahau kinachofuata. Je, nakala yangu ina hitilafu?

Fundi Spika, Arusha
Ndugu, nakala yako ni nzima. Muziki huo ulirekodiwa Jumapili, tarehe 25 Juni 1961, katika klabu ya Village Vanguard jijini New York, ambayo ni chumba kidogo kilicho chini ya ardhi, na siku hiyo bendi ilipanda jukwaani mara tano, mchana na usiku, mbele ya watu waliokuwa wakinywa na kuzungumza.

Ukimya unaousikia unatokana na simu. Uzi mzito kuliko zote wa besi ile kubwa ya mbao hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, nayo spika ya simu haimudu sauti nzito kiasi hicho. Kwa hiyo piano inaponyamaza, Scott LaFaro anaijibu kwa besi, nawe huambulii ila mikwaruzo. Evans, mpiga piano, hakutaka besi na ngoma za Paul Motian ziwe za kushikilia mapigo tu. Alitaka wote watatu wapokezane. Tafuta spika kubwa, ila sabufa usiifungulie mno, kwani itavuma na kufunika zile noti za juu ambazo LaFaro alizipenda.

Msikilizaji wa Sakina
Naomba kuongezea. LaFaro alifariki katika ajali ya gari tarehe 6 Julai 1961, akiwa na umri wa miaka 25. Ndiyo maana albamu hiyo, iliyopangwa baada ya msiba, inaanza na kuishia kwa tungo zake, yaani *Gloria's Step* na *Jade Visions*. Nyimbo nyingine za siku ileile ziliingia katika *Waltz for Debby*.

Hata hivyo, kwa mgahawa ningechagua *At the Pershing* ya Ahmad Jamal, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1958. Jamal naye huacha piano inyamaze, lakini katika wimbo wa *Poinciana* ngoma za Vernel Fournier haziachi pengo, na mteja anayepiga soga hatababaika.

Fundi Spika, Arusha
Kwa wateja, nakubali. Ila ile ya Evans aisikilize mwenyewe akishafunga mgahawa, tena kwa spika mbili zilizotenganishwa.