Nimeombwa kuwa baba wa ubatizo na mimi siamini tena. Nifanyeje?

Fundi_Pancha:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kwetu ni Ndanda. Naomba ushauri, na mwenye hamu ya kunitukana namwomba amalize kusoma kwanza.

Marehemu baba alikuwa katekista zaidi ya miaka 30. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto wa kipaimara kwa miaka sita. Siku moja kwenye mafundisho, mtoto wa darasa la sita kanyoosha mkono: "Mwalimu, Yuda alijinyonga au alianguka akapasuka tumbo?" Kasoma Mathayo 27, kasoma Matendo 1, kaona havilingani. Nikamjibu nilivyojibiwa mimi nikiwa mdogo: alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Mtoto akasema, "Mbona haijaandikwa hivyo?" Kweli haijaandikwa. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Nyumbani sikucheka.

Yuda siye aliyenitoa, msije mkaninukuu vibaya. Ila siku ile niliona kwamba kwa miaka sita nimekuwa fundi wa kuziba pancha. Nikaanza kusoma Biblia mwanzo hadi mwisho, nikiwa na nia ya kujiimarisha. Nilipofika 1 Samweli 15, pale Sauli anapoagizwa awaue Waamaleki mpaka mtoto anyonyaye, nilifunga kitabu wiki tatu. Kusali nilisali, jamani. Usiku, alfajiri, kwa kufunga. Ikawa kama simu inayoita tu, hakuna anayepokea wala anayekata. Mwishowe nikajikuta nimepitisha mwezi mzima sijasali, na hata sikuwa nimeona tofauti.

Sasa dada yangu wa tumbo moja amejifungua mtoto wa kiume. Ubatizo ni Desemba, pesa ya korosho ikishaingia. Huku kusini mnajua mjomba ni nani. Kwa hiyo hakuniomba niwe msimamizi, alinipa taarifa. Nikiifikiria siku yenyewe nachoka. Padri atauliza, "Je, mnamkataa Shetani?" Hapo sina neno, namkataa na fahari zake zote. Baada ya hapo ndiyo yanakuja yale mengine, na jibu lake ni moja: nasadiki.

Halafu parokia inataka barua kutoka jumuiya yangu ya hapa mjini. Jumuiya sijakanyaga mwaka na nusu. Mwenyekiti ni mama mmoja mwema mno, ataniandikia bila kuuliza swali, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nikatae na niseme sababu? Nikatae nisingizie safari ya kikazi? Au nisimame niseme nasadiki, mtoto amwagiwe maji, maisha yaendelee? Nawasilisha.

Mchuma_Ufuta:
Padri gani kakukwaza? Sema ukweli hapa hatukujui.

Fundi_Pancha:
Hakuna, mkuu. Mapadri walionilea namshukuru kila mmoja wao. Kila niliyemdokezea anaanza kunipekua: pesa? mwanamke? msiba? Hakuna anayekubali kwamba mtu anaweza kusoma tu, akafikiri tu.

Neema_Ya_Alfajiri:
Mpendwa, hiyo ni roho ya ukengeufu. Funga siku tatu kavu, na achana na vitabu vya watu wa dunia, ndivyo vilivyokufikisha hapo. Nitakuombea.

Fundi_Pancha:
Asante kwa maombi, nasema kwa moyo. Kitabu nilichosoma ni kile ulichonacho wewe.

Lindi_Pwani:
Pole ndugu yangu. Sisi huo Utatu tulishauona tangu zamani kwamba hesabu zake ngumu. Mlango uko wazi, karibu.

Fundi_Pancha:
Shukrani shehe. Nusu ya ukoo wetu wako huko, Idi tunakula sahani moja. Ila kilichonikwama mimi siyo idadi yao. Ni kama yuko hata mmoja.

Lindi_Pwani:
Ala! Basi hilo kubwa, siliwezi. Acha nisome wenzangu.

Katekista_Mstaafu:
Tumsifu Yesu Kristo. (Najua umeshajibu kimoyomoyo kwa mazoea.)

Mwanangu, nianze na sheria maana watu wengi hawaijui. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 872 hadi 874, inasema msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea kipaimara na Ekaristi, awe anaishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke. Wakiwa wawili, ni mmoja mmoja. Kwa hiyo ukijitoa wewe, mtoto hakosi ubatizo. Atafutwe mtu mwingine, kazi imeisha.

Ukisimama ukasema nasadiki huku husadiki, ubatizo wa mtoto hauharibiki. Kinachoharibika ni kwamba dada yako anadhani amemkabidhi mwanawe kwa mtu, kumbe hakuna mtu. Safari ya kikazi pia iache. Huyo mtoto atapata komunyo ya kwanza, atapata kipaimara. Utasafiri mara ngapi?

Na la mwisho, si la sheria. Yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakufukuzwa.

Fundi_Pancha:
Shikamoo mzee. Jibu lako nimelisoma mara nne. Mstari huo niliusali karibu mwaka mzima, ndiyo ulikuwa sala yangu pekee. Tofauti ni kwamba yule baba alikuwa na mtu mbele yake anamwambia.

Katekista_Mstaafu:
Marahaba. Hilo sina jibu lake la haraka. Nitakaa nalo.

Mjukuu_Wa_Mtandi:
Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, naona mnakuza jambo. Kwetu Askofu Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alipoona wazazi hawaachi jando hakuzuia. Aliliingiza kanisani: mapadri, misa, sala, kila kitu. Mabibi zetu wakaendelea na mila zao na ubatizo wao. Dini huku ni ukoo, kaka. Unaposimama pale unasema mimi ni mjomba wa huyu, nitamlea. Nusu ya wanaosema nasadiki wanawaza pilau. Simama, sema, kaa chini.

Katekista_Mstaafu:
Anayewaza pilau ana njaa, hajasema uongo. Huyu ameshajua kwamba hasadiki.

Wakili_Msomi:
Mtoa mada, Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inakupa uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini au imani yako. Hakuna wa kukulazimisha.

Mchuma_Ufuta:
Katiba itamzika? 😂

Katekista_Mstaafu:
Umecheka lakini umeuliza swali zuri. Kanuni ya 1184 inawanyima maziko ya kikanisa waasi wa imani wanaojulikana wazi, kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Hiyo ndiyo sheria. Mtaani, tusidanganyane, daftari la michango ya jumuiya ndilo linaloangaliwa kwanza, na nimeona mengi ambayo siwezi kuyatetea.

Kimya_Kimya:
Niko Newala, mwaka wa tisa huu niko kama wewe. Krismasi na Pasaka naenda, naimba besi, maana besi wamebaki wawili na mmoja mgonjwa. Anayejua ni mke wangu peke yake.

Nikupe kosa langu ujifunze bure. Nilipoanza kuona mambo, nilimwandikia kaka yangu WhatsApp ndefu usiku wa manane. Ukoo wa Yesu Mathayo anasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka anasema ni Eli, nikashusha orodha yote. Nilijiona nimemfungua macho. Hatukusemezana miezi saba. Baadaye nilielewa kwamba yeye hakuwa ameniuliza chochote. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumzika mtoto, na mimi namletea Yakobo na Eli.

Kwa hiyo: usitoe hotuba. Mwambie dada yako peke yake, ana kwa ana, sentensi mbili, halafu nyamaza. Akiuliza, jibu alichouliza, basi. Akitaka kubishana, kubali kushindwa. Mama mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Na ukikataa usimamizi usikatae ujomba. Yale majukumu mengine yote yachukue, tena uwahi.

Neema_Ya_Alfajiri:
Kimya_Kimya, kumbe mko wengi. Nimesikitika, ila hiyo ya kaka yako imenigusa. Mungu amfariji.

Fundi_Pancha:
MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nyumbani.

Nilianza na dada. Sentensi mbili, kama nilivyoelekezwa. Alilia kidogo, halafu akakasirika, lakini hasira yenyewe ikaangukia kwenye kitenge: sare imeshashonwa, ya kwangu ina mshono wa msimamizi, sasa avae nani? Nikamwambia nitaivaa hivyo hivyo. Shemeji akamweka mdogo wake awe msimamizi. Gharama ya chakula nimebeba mimi, na mbuzi nimenunua mimi. Barua ya jumuiya sikuiomba.

Mama nilimkuta uani anachoma korosho kwenye lile debe lake lililotobolewa matundu. Waliokulia huku mnajua ule moshi, mafuta ya maganda yakishika moto hata macho hayafunguki. Nikakaa upande usio na upepo, nikasubiri azimwagie mchanga. Akachukua jiwe akaanza kubangua, nami nikachukua jiwe. Nikamwambia.

Hakuacha kubangua. Akasema, "Nilijua. Pasaka ya mwaka juzi watu wamekwenda kukomunika, wewe umebaki kwenye benchi unafunga kamba ya kiatu. Viatu vyako siku ile vilikuwa havina kamba."

Tumebangua bila kuongea mpaka ungo ukajaa. Halafu akaniuliza swali moja tu, ndilo nimekuja nalo hapa. Tangu baba afariki, mimi ndiye mwanamume mkubwa nyumbani. Akauliza: siku yeye akifa, rozari ya kwenye matanga yake nitaiongoza mimi, au aanze kutafuta mtu?

Nikamwambia, "Mama, rozari naijua yote kwa moyo."

Akasema anajua kwamba naijua, hakuuliza hilo.