Tozo ya maegesho imeletwa kwa jina langu kama mtunzaji wa gari: je, ninalazimika kumtaja dereva?

Jina Kwenye V5C aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa waliowahi kushughulika na kampuni binafsi za maegesho huku Uingereza. Nimepokea barua ya kampuni inayosimamia maegesho ya kituo kimoja cha maduka, ikidai kwamba gari ambalo DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, inanitambua mimi kuwa mtunzaji wake lilikaa pale kupita muda unaoruhusiwa. Wanataka pauni 100, au pauni 60 nikilipa ndani ya siku 14. Siku hiyo hakukubandikwa karatasi yoyote kwenye kioo. Ushahidi wao ni picha mbili za kamera, moja gari likiingia na nyingine likitoka, na hakuna hata moja inayoonyesha uso wa mtu.

Bima inaruhusu watu zaidi ya mmoja wa nyumba yetu kuliendesha gari hilo. Barua inasema gari liliegeshwa tarehe 3 Machi, nayo yenyewe imeandikwa tarehe 19 Machi. Je, sheria inanilazimisha kumtaja dereva? Nisipomtaja, deni linahamia kwangu? Na nikikata rufaa nikashindwa, nitakuwa nimejiongezea mzigo? Jamaa mmoja ameniambia niitupe barua hiyo, lakini sioni busara ya kupuuza karatasi inayoweza kugeuka kuwa hukumu ya mahakama.

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwaandikia chochote, na umefanya vyema zaidi kutosema hapa nani alikuwa kwenye usukani. Watu wengi hupoteza utetezi wao katika sentensi ya kwanza ya rufaa, pale wanapoandika kwamba walikawia dukani, na hapo hapo wanaipa kampuni jina la dereva ambalo haikuwa nalo.

Kwanza uelewe unachodaiwa. Hii si faini ya halmashauri wala ya polisi, ingawa barua imepangwa ifanane nayo. Ni madai ya mkataba: kibao kilichosimikwa pale kinatoa masharti, na anayeingia na kuegesha anahesabiwa kuwa ameyakubali. Kwa hiyo mdaiwa wa asili ni dereva. Zamani kampuni isiyomjua dereva ilikuwa haina pa kushika, mpaka tarehe 1 Oktoba 2012, ilipoanza kutumika Protection of Freedoms Act ya mwaka huo. Sheria hiyo ilipiga marufuku kufunga magari minyororo katika ardhi binafsi, na kwa upande wa pili, kupitia Jedwali lake la 4 (kiambatisho cha sheria yenyewe), ikazipa kampuni njia ya kumdai mtunzaji wa gari pale dereva asipojulikana. Lakini njia hiyo ina masharti, na kampuni isiyoyatimiza haina haki ya kuipita.

Sharti linalokuhusu zaidi limo katika aya ya 9. Pasipoachwa karatasi kwenye gari, barua kwa mtunzaji lazima imfikie ndani ya siku 14, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kuegesha. Kwako siku hizo zilianza tarehe 4 Machi na kwisha tarehe 17 Machi. Barua ya posta huchukuliwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Barua iliyoandikwa tarehe 19 haiwezi kuwa ilikufikia tarehe 17, kwa hesabu yoyote ile. Angalia tu kama hii ndiyo barua ya kwanza kutumwa. Kama ndiyo, hawawezi kukudai wewe kama mtunzaji.

Isome tena pia maneno yake. Lazima itaje ardhi husika na muda wa kuegesha, ikualike ulipe au utoe jina na anwani ya dereva, na ikuonye kwamba baada ya siku 28, ikiwa deni halijalipwa na dereva hajajulikana, watakuwa na haki ya kukudai wewe. Wapo wanaoshikilia pia kwamba saa za kupita getini si muda wa kuegesha, kwa kuwa gari huzunguka likitafuta nafasi na kusubiri foleni ya kutoka. Hoja hiyo ina mantiki, ila baadhi ya waamuzi huikubali na wengine huikataa, kwa hiyo usiifanye nguzo yako ya pekee.

Kuhusu kumtaja dereva: hulazimiki. Wajibu wa namna hiyo upo pale polisi wanapokuuliza, chini ya kifungu cha 172 cha Road Traffic Act ya mwaka 1988, na kampuni binafsi haina mamlaka hayo.

Mzazi wa Luton alijibu:

Kwa heshima, mimi ningelipa hizo pauni 60 nikapata utulivu. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 2015, katika kesi ya kampuni ya maegesho ya ParkingEye dhidi ya dereva aitwaye Beavis, kwamba tozo ya pauni 85 kwa gari lililozidisha muda katika maegesho ya maduka huko Chelmsford ilikuwa halali. Kama pauni 85 zilikubalika, sioni mtu wa kawaida atashindaje. Tena barua za wakusanya madeni zikianza kumiminika nyumbani, wazee na watoto huingiwa na hofu bila sababu.

Karani Mstaafu alijibu:

Hofu hiyo naiheshimu, kwa maana nimewaona watu wakikosa usingizi kwa barua ambazo hazikuwa na nguvu yoyote. Lakini kesi ya Beavis isibebeshwe uzito usio wake. Swali kubwa lililoamuliwa pale lilikuwa kama kiasi kile ni adhabu isiyokubalika kisheria, na Mahakama ikasema si hivyo, kwa kuwa kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuhakikisha nafasi hazishikiliwi na watu wachache, na vibao vilikuwa vikubwa na vinasomeka. Mdaiwa mwenyewe ndiye aliyeegesha gari. Suala la mtunzaji kudaiwa badala ya dereva asiyejulikana halikuwa mgogoro wao.

Kwa muuliza swali, kata rufaa kwa kampuni kwanza, ndani ya siku 28. Barua iwe fupi: wewe ni mtunzaji, humtaji dereva wala hulazimiki kumtaja, taarifa haikukufikia ndani ya muda wa aya ya 9, kwa hiyo huwezi kudaiwa kama mtunzaji, na unataka tozo ifutwe au upewe nafasi ya kwenda kwa mwamuzi huru. Andika "dereva" kila mahali, usiandike "mimi" hata mara moja unapozungumzia kuegesha. Lakini usiseme uongo. Kukaa kimya ni haki yako. Kusema hukuendesha ilhali uliendesha ni jambo jingine kabisa, na nyaraka za mahakama husainiwa kwa tamko la ukweli. Kumbuka pia kwamba dereva akishajulikana, anaweza kudaiwa yeye hata kama siku 14 zilipita.

Wakikataa rufaa, kampuni iliyo mwanachama wa BPA itakupeleka POPLA, na iliyo mwanachama wa IPC itakupeleka IAS; BPA na IPC ni vyama vya kampuni za maegesho, na POPLA na IAS ni vyombo vya kusikiliza rufaa za wanachama wao. Uamuzi wa POPLA huifunga kampuni, haukufungi wewe. Mzigo unaoweza kuongezeka hapo ni kupoteza nafasi ya kulipa pauni 60 badala ya 100, basi.

Barua za wakusanya madeni huongeza pauni 70 hivi juu ya tozo. Hao hawana mamlaka ya kuingia nyumbani kwako, na chini ya aya ya 4 ya Jedwali hilo, mtunzaji hawezi kudaiwa kupita kiasi kilichoandikwa katika taarifa aliyotumiwa. Karatasi usiyoruhusiwa kuiweka kando ni ile ya kabla ya madai, inayokupa siku 30 za kujibu, na fomu ya madai yenyewe kutoka Mahakama ya Kaunti. Fomu ikishakabidhiwa una siku 14 za kukiri kuipokea, na ukikiri, jumla ya siku 28 za kuwasilisha utetezi. Ukinyamaza, hukumu hutolewa bila wewe kusikilizwa, na isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki katika rekodi ya mikopo kwa miaka 6. Wengi walionaswa hivyo walihama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye V5C, yaani hati ya usajili wa gari, kwa hiyo hakikisha yako ni sahihi leo.

Abiria wa Usiku alijibu:

Niongeze kwa wengine wenye barua za namna hii: Jedwali la 4 linatumika England na Wales peke yake. Hata huko halihusu ardhi ambayo maegesho yake tayari yanatawaliwa na sheria ndogo, kama ilivyo katika baadhi ya viwanja vya ndege, bandari na vituo vya reli. Angalieni kwanza gari liliegeshwa katika ardhi ya aina gani.

Jina Kwenye V5C alijibu:

Nawashukuru nyote. Hii ndiyo barua ya kwanza, na nimeisoma upya: onyo la siku 28 halimo kabisa. Badala yake mwisho wameandika kwamba nisipomtaja dereva watachukulia kuwa dereva ni mimi. Je, hilo linawaruhusu kukwepa masharti?

Karani Mstaafu alijibu:

Haliwaruhusu. Kama kuwa mtunzaji kungetosha kumfanya mtu dereva, Bunge lisingekuwa na haja ya kuandika Jedwali zima lenye masharti. Jaji aliyesikiliza rufaa katika kesi ya VCS, kampuni nyingine ya maegesho, dhidi ya Edward mwaka 2023 alikataa kuhitimisha kwamba mtunzaji ndiye aliyeendesha kwa sababu tu jina lake limesajiliwa. Uamuzi wa Mahakama ya Kaunti hauna nguvu ya kuwafunga majaji wengine, lakini hoja yake inasikilizwa.

Ingiza hilo la onyo lililokosekana katika rufaa yako, baada ya hoja ya tarehe. Ukijaza fomu ya tovuti yao, itakuuliza wewe ni nani. Chagua mtunzaji, na kama nafasi zilizopo ni za dereva peke yake, tuma rufaa kwa barua pepe au posta. Hifadhi bahasha, barua na nakala ya rufaa kwa pamoja, na uthibitisho wa kutuma uwe na tarehe.