Vidirisha vinne

Dada: 📷 Nimepita pale ilipokuwa sinema. Wamebomoa, umebaki ukuta mmoja tu. Hivi vidirisha vinne huko juu vilikuwa vya nini? Hata kichwa hakipiti.

Kitinda: Vya njiwa hivyo 😂

Baba Mkubwa: Njiwa gani wewe! Hapo ndipo nilipokuwa nafanyia kazi. Viwili vya mwanga, viwili vya macho yangu.

Mimi: Shikamoo Baba Mkubwa. Mbona viwili viwili?

Baba Mkubwa: Marahaba. Mashine zilikuwa mbili. Rili moja ni kama mita 600 za mkanda, dakika ishirini na kidogo imekwisha. Picha ya saa mbili ni rili sita. Hii ikiishia hapa, ile inadakia pale, na nyinyi mliokaa chini hamna habari.

Shangazi: Tulikuwa nayo! Siku ile ilipoungua tulijua wote.

Baba Mkubwa: Haikuungua.

Shangazi: Kaka, mimi nilikuwepo, mstari wa tatu. Pazia jeupe pe! Miluzi ikapigwa mpaka taa zikawashwa.

Baba Mkubwa: Hilo jeupe ndilo linalokusuta. Mkanda ukikwama mbele ya taa, picha inasimama, doa la kahawia linatokea na kuanza kutokota mbele ya macho yenu. Pazia likiwa jeupe, ujue rili imekwisha na mwenzake hajaanza.

Mama: Mimi niliambiwa ulikuwa moto mkubwa, watu wakatokea madirishani.

Baba Mkubwa: Madirisha gani, shemeji? Jumba zima lilikuwa na hivyo vinne tu.

Baba Mkubwa: Moto wa kuogopwa ulikuwa wa mikanda ya kale, ya nitrati. Ile ikishika, hata uizamishe majini inaendelea kuwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaacha kuitengeneza. Sisi tulitumia asetati, hiyo inayeyuka tu.

Kitinda: Sasa ulijuaje rili inakaribia kuisha? Kengele?

Baba Mkubwa: Kitone. Juu kabisa, pembe ya kulia. Ukipepesa macho umekikosa. Cha kwanza, unawasha mota ya mashine ya pili. Unahesabu kama sekunde saba, kinakuja cha pili, hapo hapo unahamisha.

Kitinda: Miaka yote naona vile vidoa kwenye picha za zamani nikidhani ni uchafu!

Dada: Kwa hiyo siku hiyo ulikikosa 😅

Baba Mkubwa: Nilikuwa nimelala.

Shangazi: Haya sasa!

Baba Mkubwa: Maonyesho matatu mfululizo, na kile chumba joto lake la taa mnalijua? Kulikuwa na mtoto mmoja hachoki kupanda kule juu. Nikamkalisha kwenye kidirisha, nikamwambia ukiona kitone niamshe. Mtoto huyo yumo humu kundini.

Mama: 👀

Dada: Baba???

Kitinda: Anaandika… anafuta… anaandika…

Shangazi: Tukimngoja, mimi nasema kilichoiua ile sinema ni video.

Baba Mkubwa: Video ilichangia. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, haikuchukua muda kila sebule ikawa sinema. Lakini na mwenye jumba naye! Viti vikivunjika havitengenezwi, paa likivuja anaweka ndoo. Mwishoni nilikuwa nawaonyesha watu kumi na wawili kwenye viti mia nne. Na mashine haijui, kazi ni ile ile.

Mimi: Uliumia ilipofungwa?

Baba Mkubwa: Nilibeba lenzi moja. Ipo kabatini. Msiulize niliipataje.

Baba: Nilikiona.

Mama: Loo!

Dada: Sasa mbona hukumwamsha??

Baba: Nilidhani ni inzi.

Kitinda: 😂😂😂

Baba Mkubwa: Na cha pili?

Baba: Nilijua karudi. Nikampiga kofi pale kwenye kioo.

Baba Mkubwa: Nilikatwa nusu ya mshahara wa mwezi kwa ajili ya inzi.