Re: Hekalu la kale karibu na Osaka (baba mkwe anakuja)

Habari zenu wana Kansai. Baba mkwe anatua Osaka wiki ijayo kutoka Tanga, anataka kuona hekalu la Kibudha la zamani. Ni seremala, na ni Mwislamu. Kyoto naogopa msongamano. Nimpeleke wapi?

---

Dada, seremala mpeleke Horyuji, kule Ikaruga, mkoa wa Nara. Pandeni treni ya JR Yamatoji mshuke stesheni ya Horyuji, kisha mguu dakika 20 hivi. Wanafungua saa mbili asubuhi. Wahini kabla mabasi ya wanafunzi hayajamiminika. Kiingilio kilipanda 2025, mtu mzima sasa yeni 2,000. Inauma, ila mzee hatajuta.

Lilianzishwa mwaka 607, likaungua 670, likajengwa tena. Majengo hayo ndiyo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani. Ule mnara wa ghorofa tano una nguzo moja ya hinoki (mberoshi wa Kijapani) katikati, na pete za mti zilipohesabiwa ilionekana ulikatwa 594, yaani kabla hekalu lenyewe halijaanzishwa! Wataalamu wanabishana hadi leo.

Mnara haupandwi. Chungulieni chini, upande wa kaskazini, kupitia wavu: sanamu ndogo za udongo za mwaka 711, wanafunzi wa Buddha wakimlilia, midomo wazi. Mna giza, subirini macho yazoee. Kupiga picha humo ndani marufuku.

Kisha mzee azikague nguzo za ukumbini nje. Zimenenepa katikati, na palipooza pamechongwa kiraka cha mbao mpya kikakaa sawasawa. Matengenezo makubwa yalianza 1934 yakaisha 1985. Mtamsubiri hapo, nakuambieni.

Ya dini, kila mtu na nafsi yake. Mimi pia Mwislamu. Naingia kama naingia makumbusho. Hakuna anayekudai uiname wala uwashe ubani. Ila msikanyage vizingiti, vukeni.

---

Ahsante sana kaka. Magoti yanamsumbua kidogo, ataweza?

---

Ataweza, dada. Chukueni basi stesheni msimchoshe mapema. Uwanja ni tambarare lakini una changarawe, na vizingiti vingine ni virefu, mshikeni mkono. Mje na chenji, usitegemee simu kila mahali.